Kujenga bila kupoteza saruji wala kutupa nondo: mwongozo kamili wa akili mnemba na roboti saiti

Nyuma ya stoo ya kila saiti niliyofanya kazi kuna lundo la vipande vya nondo. Kimoja kina sentimita 40, kingine mita moja na nusu, vingine vimeshapinda na kushika kutu. Jumamosi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake wa kuning'iniza, anavichukua kwa kilo, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya tuliyolipa dukani. Miaka ya mwanzo niliona ndivyo kazi ilivyo. Siku nilipokaa kitako nikapima lundo lile, niligundua kwamba fedha iliyolala pale ingenunua vifaa vyote vya umeme vya chumba kimoja. Na chuma chote kile kilikuwa kimeyeyushwa kwa moto mkali, kikasafirishwa, kikabebwa begani na vijana hadi saiti, ili kije kutupwa.

Mwongozo huu unaanzia kwenye lundo lile. Ukisikia watu wakizungumzia akili mnemba na roboti katika ujenzi endelevu, picha inayokuja kichwani ni mashine kubwa inayopanga matofali yenyewe. Mashine hizo zipo na nitazifikia. Lakini kwa mkandarasi wa kawaida wa Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza, faida ya kwanza na kubwa iko kwenye hesabu: kununua kile tu ambacho jengo linahitaji.

Takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, zinaonyesha kwamba majengo na ujenzi vinabeba zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani. Saruji peke yake ni kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Kiini chake ni jiwe la chokaa, linalochomwa kwenye tanuru hadi nyuzi 1,450 za Selsiasi kupata klinka, ile kokoto nyeusi inayosagwa kuwa saruji. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa hiyo hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapovunjika, wala si kwenye kuni au makaa. Hata kiwanda kikiendeshwa kwa umeme wa jua, sehemu hiyo bado itatoka. Kwa nyumba zetu nyingi, ambazo hazina mashine ya kupasha joto na zinaishi kwa dirisha na feni, mzigo mkubwa uko kwenye msingi, nguzo na slabu. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye nondo na zege, na mengine nitayapitia haraka.

Unachohitaji kuanza nacho ni simu janja, kompyuta mpakato moja ya ofisi, intaneti ya kutosha kufungua barua pepe, na programu ya jedwali kama Excel. Drone na vihisio vinaweza kusubiri.

Hatua ya kwanza: jua jengo lako linakula nini

Huwezi kupunguza usichokipima. Chukua BOQ ya mradi, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na vipimo vyake, toa humo vitu vinne: saruji kwa kilo, nondo kwa kilo, matofali na mbao. Viweke kwenye jedwali. Kama makadirio ya kulinganishia, hesabu kilo 0.8 za hewa ukaa kwa kila kilo ya saruji ya kawaida, na kilo 2 kwa kila kilo ya nondo iliyotokana na madini. Nondo iliyoyeyushwa kutoka kwenye chuma chakavu huwa chini ya hapo. Ukitaka kipimo kinachokubalika na mabenki na wawekezaji, tumia EDGE, programu ya bure ya mtandaoni ya IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia. Inakuuliza ukubwa wa jengo, kuta, paa, madirisha na mabomba, kisha inakuonyesha umebaki wapi kufikia punguzo la asilimia 20 la nishati, maji na kaboni iliyomo ndani ya vifaa. Ina takwimu za Kenya na Tanzania.

Hapa ndipo akili mnemba ya mazungumzo inapoingia, ile ambayo Kenya wengi wanaiita akili unde. Inasoma BOQ ya kurasa 60 kwa dakika. Lakini nisikilize kwenye hili, kwa sababu limenikuta. Niliwahi kuipa kazi ya kujumlisha mifuko ya saruji ya jamvi, nguzo, ngazi na slabu. Jibu lilikuja limepangika vizuri, lina jedwali safi, na ngazi zilikuwa zimehesabiwa mara mbili. Nilikuwa nimeshaandika oda. Fundi mkuu akaichukua ile karatasi, akaitazama, akauliza, "Injinia, mifuko hii ni ya jengo letu au la jirani?" Tangu siku hiyo siiachii ijumlishe. Naiagiza iandike fomula, hesabu inafanywa na jedwali, nami naona kila namba imetoka wapi. Agizo langu huwa hivi:

"Hii ni BOQ ya mradi wangu. Tengeneza jedwali lenye safu hizi: kazi, ukurasa ilipo, ujazo wa zege kwa mita za ujazo, uwiano, mifuko ya saruji. Usinipe jumla kwa maneno; andika fomula za Excel. Mahali ambapo BOQ haikutaja uwiano, andika HAIJATAJWA, usikisie."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Bila hiyo, mashine hujaza pengo kwa kukisia, na kisio lake huwa na sura ile ile ya ukweli.

Hatua ya pili: sahihisha mchoro kabla ya kuchimba

Wazee wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walijenga vyumba vyembamba na virefu. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, yaani chini kidogo ya mita tatu. Mti ndio uliochora chumba, na hakuna kipande kilichopotea. Sisi tunachora kwanza kwenye kompyuta, tunakata vifaa baadaye, halafu tunashangaa lundo la vipande.

Kwa hiyo mpe msaidizi wako wa akili mnemba orodha ya vipimo vya kuta na nafasi za milango na madirisha, pamoja na kipimo halisi cha tofali lako ulilopima kwa mkono, na unene wa udongo wa kujengea. Mwambie akuonyeshe ni kuta zipi zinalazimisha tofali kukatwa kila kozi, na ni kuta zipi zikisogezwa sentimita chache zitakwisha kwa tofali zima au nusu. Fanya hivyo hivyo kwa mbao za mareni za boksi la kumwagia zege, zenye mita 1.22 kwa 2.44. Mchoraji anaweza kukasirika kidogo. Mweleze kwa heshima, umwonyeshe hesabu.

Jambo la pili kwenye mchoro ni jua na upepo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kuta za kaskazini na kusini unaweza kuzikinga kwa upenu wa paa tu. Za mashariki na magharibi huwezi, maana jua la asubuhi na la alasiri huingia chini ya upenu. Kwa hiyo upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, na madirisha ya vyumba vya kulala yapangwe yapokee kaskazi na kusi. Programu ya bure ya mtandaoni iitwayo Clima, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inakuchorea njia ya jua na mwelekeo wa upepo wa mji wako. Kazi hii ni ya jioni moja, na nyumba itaishi miaka 50 ikinufaika nayo.

Hatua ya tatu: nondo, na hesabu ya kukata

Nondo dukani ni mita 12. Mchoro unataka urefu mbalimbali. Kazi ya kupanga vipande hivi ndani ya mita 12 bila kubakiza imewashughulisha wanahisabati tangu Leonid Kantorovich wa Urusi mwaka 1939. Leo kompyuta ya kawaida inaimaliza kwa sekunde chache.

Chukua mfano mdogo. Unahitaji nondo za milimita 12: vipande 40 vya mita 4.3, vipande 40 vya mita 3.2, na vipande 40 vya mita 2.1. Jumla ni mita 384.

Mkataji anayekata aina moja hadi iishe, kisha nyingine, atatumia nondo 20 kwa vile virefu, 14 kwa vya kati, 8 kwa vifupi. Jumla 42. Kila nondo ya kundi la kwanza inaacha kipande cha mita 3.4, na vipande hivyo 20 vikirundikwa vibaya ndivyo vinavyoishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Fundi makini anaona papo hapo kwamba mita 3.4 inatoa kipande cha mita 3.2. Akitumia mabaki yake yote vizuri, anashuka hadi nondo 34.

Kompyuta inapanga hivi:

- nondo 20: 4.3 + 4.3 + 3.2, zinabaki sentimita 20
- nondo 5: 3.2 + 3.2 + 3.2 + 2.1, zinabaki sentimita 30
- nondo 5: 3.2 na nne za 2.1, zinabaki sentimita 40
- nondo 3: tano za 2.1, inabaki mita moja na nusu

Jumla 33. Kati ya mkataji asiyejali na kompyuta kuna nondo 9, sawa na mita 108, karibu kilo 96 za chuma. Kati ya fundi makini na kompyuta kuna nondo moja tu. Nimeandika ulinganisho huu wote kwa makusudi, maana wauzaji wa programu huonyesha ule wa kwanza peke yake. Fundi mzuri ni hazina. Lakini mradi wa kweli hauna urefu wa aina tatu. Una aina 30 au 40, na vipenyo vinne, na hapo hata fundi bora hawezi kushika mipangilio yote kichwani akiwa juani saa saba mchana. Mpe karatasi iliyokokotolewa, na jicho lake libaki kwenye kukunja na kufunga.

Utaratibu wenyewe ni huu. Pata orodha ya kukata na kukunja nondo, ile BBS, kutoka kwa mhandisi wa miundo. Kama haipo, idai, usikubali kukata kwa kukisia. Iweke kwenye jedwali lenye safu tatu: kipenyo, urefu, idadi. Kisha agiza akili mnemba: "Niandikie programu ya Python inayotumia OR-Tools kupanga vipande hivi kwenye nondo za mita 12 kwa idadi ndogo kabisa ya nondo. Kila kipenyo kipangwe peke yake. Toa orodha ya mipangilio, na ihakiki kwamba jumla ya vipande inalingana na mahitaji." OR-Tools ni maktaba ya bure ya Google. Programu itaendeshwa kwenye Google Colab, huduma ya mtandaoni ambayo nayo ni bure, bila kusakinisha kitu kwenye kompyuta yako. Matokeo yakitoka, jumlisha mipangilio mitatu au minne kwa mkono, kama nilivyofanya hapo juu. Ukikuta mstari unaozidi mita 12, kuna kosa kwenye programu.

Chapisha orodha kwa herufi kubwa, ibandike kwenye meza ya kukatia. Tenga sanduku la mabaki ya zaidi ya sentimita 60, yahesabiwe kila jioni na kuingizwa kwenye hesabu ya kesho kama nondo fupi. Mafupi zaidi yafanye viti vya kushikilia nondo za juu za slabu.

Kabla hujakata chochote, pima nondo yenyewe. Kata mita moja, iweke kwenye mzani wa dukani. Uzito wa mita moja kwa kilo ni kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162. Nondo ya 12 inatakiwa kuwa karibu kilo 0.89, ya 10 kilo 0.62, ya 16 kilo 1.58. Ikipungua sana umeuziwa nondo nyembamba, na hakuna akili mnemba itakayoiongezea nguvu. Wakati wa kupokea mzigo, piga picha ya ncha za bunda kwa mbele. Programu za simu za kuhesabu vitu kwa picha huhesabu nondo vizuri kama mwanga upo na ncha zimesawazishwa. Hesabu hiyo imewahi kumaliza ubishi kati ya dereva na mtunza stoo bila mtu kupandisha sauti.

Hatua ya nne: saruji na zege

Anza kwa kusoma mfuko. Kiwango cha Afrika Mashariki EAS 18-1 kinataka aina ya saruji iandikwe, na herufi zile zina maana. CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi. CEM II/A ina asilimia 80 hadi 94, CEM II/B 65 hadi 79, na CEM IV/B 45 hadi 64. Herufi P ni pozolana, majivu ya asili ya volkano, ambayo Mungu ametujalia Mbeya na Bonde la Ufa. L au LL ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Klinka ikipungua, hewa ukaa nayo inapungua. Namba 32.5 au 42.5 ni daraja la nguvu.

Kosa ninaloliona kila mwezi ni saiti nzima kutumia mfuko wa 42.5 kwa kila kitu, hadi lipu na kujengea tofali. Lipu haihitaji hivyo. Nunua ya daraja la chini, yenye klinka ndogo, kwa lipu, tofali na zege la usafi, lile jembamba la chini ya msingi. Ile yenye nguvu iache kwa nguzo, bimu na slabu, kama mhandisi alivyoelekeza.

Kisha maji. Uwiano wa 1:2:4 unakula mifuko kama sita na nusu kwa mita moja ya ujazo. Mhandisi anapoandika uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5, maana yake ni lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na humo ndani yamo maji yaliyokwisha kuwa kwenye mchanga. Mchanga wa kilo 100 ulionyeshewa jana, wenye unyevu wa asilimia 5, umebeba karibu lita 5. Saidia fundi hajui, anamimina ndoo ile ile ya kila siku. Zege linakuwa laini, kazi inakwenda haraka, kila mtu anafurahi, na nguvu inashuka. Baada ya majaribio mawili kufeli, mhandisi anaongeza saruji kwa woga. Tani ngapi za saruji nchini zinamwagwa kufunika kosa la ndoo moja ya maji? Kila asubuhi kaanga mchanga kilo moja kwenye sufuria hadi ukauke, upime tena, uone umepungua gramu ngapi. Weka namba hiyo kwenye simu, fomula ya jedwali ikuambie maji ya kuongeza. Hapo huna haja ya mashine nyingine.

Ukishalimudu hilo, ndipo akili mnemba inapoweza kukusogeza mbele. Profesa I-Cheng Yeh wa Taiwan alikusanya matokeo ya mchanganyiko 1,030 wa zege: saruji, majivu, maji, kokoto, mchanga, umri na nguvu iliyopatikana. Takwimu hizo ziko wazi kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wanafunzi dunia nzima hujifunzia kwazo. Wewe pia jifunzie kwazo, kwenye Colab, uone jinsi modeli inavyokisia nguvu. Lakini usizitumie kuamua zege lako. Mchanga wa mto Mpiji si wa Taiwan.

Takwimu zako ni vipande vya majaribio vyako. Kila siku ya kumwaga zege, andika mstari mmoja: tarehe, aina ya saruji kama ilivyo kwenye mfuko, kilo za kila kitu, lita za maji pamoja na za mchangani, kushuka kwa koni (kipimo cha ulaini wa zege bichi), joto la hewa, nguvu ya siku 7 na ya siku 28. Miradi miwili au mitatu itakupa mistari 40. Kwa takwimu chache namna hiyo tumia modeli inayoitwa mchakato wa Gauss, kwa sababu pamoja na kisio inakupa na kiasi cha shaka yake. Muulize msaidizi akuandikie programu, na umwambie ipendekeze mchanganyiko unaofuata wa kujaribu, wenye saruji kidogo lakini bado ufikie nguvu unayotaka. Unatengeneza vipande vya sentimita 15 kila upande, unavilaza majini, unavivunja maabara, unarudisha jibu kwenye modeli. Baada ya mizunguko michache inaanza kulijua zege lako.

Meta, kampuni ya Facebook, pamoja na Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, nao walitumia akili mnemba kutafuta zege la kituo cha data cha DeKalb lenye hewa ukaa pungufu kwa asilimia 40, kwa kubadilisha sehemu ya saruji kwa majivu na taka za tanuru za chuma. Kwetu nafasi hiyo inaweza kushikwa na pozolana, au na majivu ya pumba za mpunga yaliyochomwa na kusagwa vizuri. Sheria yangu haina mjadala: modeli inapendekeza, maabara inaamua, mhandisi aliyesajiliwa anatia saini. Hakuna slabu inayomwagwa kwa kisio la kompyuta.

Hatua ya tano: sentimita moja

Slabu ya mita za mraba 120, unene sentimita 15, ni mita 18 za ujazo. Boksi likizama sentimita moja tu, umeongeza mita 1.2 za ujazo, karibu mifuko minane ya saruji. Haionekani kwa macho, na imeshakwenda. Kodi leza ya kupimia usawa, pima boksi pointi kila mita mbili, andika kwenye jedwali, sahihisha kabla zege halijaja. Kwa fedha yake, leza inashinda roboti nyingi ninazoziona mtandaoni.

Kwa viwanja vikubwa vyenye mteremko, droni inasaidia kuhesabu udongo wa kukata na kujaza, ili malori yasihamishe kifusi mara mbili. Zanzibar walitumia droni kuchora ramani ya visiwa vyao kuanzia 2016, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa warushaji, kwa hiyo ujuzi upo nyumbani. Rusha kwa picha zinazopishana asilimia 75 hadi 80, zichakate kwa OpenDroneMap ambayo ni ya bure, weka alama za chini zilizopimwa na mpimaji. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga ni lazima: TCAA Tanzania, KCAA Kenya. Usirushe kwanza ukaomba baadaye.

Hatua ya sita: kihisio ndani ya zege

Zege hukomaa kwa joto na muda. Siku moja ya nyuzi 30 za Tanga inalikomaza zaidi kuliko siku moja ya nyuzi 15 za Njombe. Ukiweka kihisio cha joto aina ya DS18B20 ndani ya zege, kikaunganishwa na ESP32, kompyuta ndogo ya kiganjani yenye Wi-Fi, unapata grafu ya joto kwenye simu. Vyote viwili ni vya bei nafuu na vijana wa vyuo vya ufundi wanavijua. Zidisha joto kwa muda, linganisha na vipande vya majaribio vilivyovunjwa kwa zege lile lile, na mhandisi ataona kama nguvu imefika. Kiwango cha Marekani ASTM C1074 kinaeleza utaratibu mzima.

Faida yake ni mbao. Pasipo kipimo, mmoja anafungua boksi mapema kwa haraka, jambo la hatari, na mwingine anaacha mareni na mirunda juu kwa wiki nzima zaidi ya ilivyohitajika, hivyo anakwenda kununua seti nyingine. Kwa kipimo, seti moja inazunguka mara nyingi. ESP32 hiyo hiyo inaweza kuwasha pampu ndogo ya kumwagilia slabu pale uso unapokauka, hata usiku wa manane wakati mlinzi amelala. Kwangu mimi hiyo ndiyo roboti ya kwanza ya kununua.

Hatua ya saba: roboti kubwa, na maswali ya kuuliza

Kilifi, pwani ya Kenya, kuna mtaa wa Mvule Gardens, uliopangwa kuwa na nyumba 52 zenye kuta zilizochapishwa na printa ya zege ya 3D. Kampuni ya 14Trees, iliyoundwa na Holcim pamoja na taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, ilitumia mashine ya BOD2 ya COBOD ya Denmark. Kabla ya hapo, mwaka 2021, walichapisha kuta za shule nchini Malawi kwa saa 18. Mradi wa Kilifi ulipata cheti cha EDGE cha ngazi ya Advanced katika usanifu.

Mashine kama hiyo inaweka zege mahali panapohitajika tu, haihitaji boksi la mbao, na ukuta unaweza kuwa na uwazi katikati. Lakini mchanganyiko wake wa kuchapishia mara nyingi una saruji nyingi zaidi kwa mita ya ujazo kuliko zege la kawaida, kwa sababu lazima ushike haraka. Kwa hiyo akija muuzaji, muulize kilo za saruji kwa mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika, uweke karibu na ukuta wako wa tofali la kufungamana. Muulize kama mchanganyiko unaletwa kwenye mifuko kwa meli au unatengenezwa kwa mchanga wa hapa. Muulize nani ataitengeneza mashine ikikwama Ijumaa jioni, na kipuri kinatoka wapi. Muulize ukuta unafungwaje na nguzo na mkanda. Asiyekuwa na majibu ya namba, mshukuru kwa kuja.

Zipo pia roboti za kufunga nondo za madaraja, kama TyBot ya Marekani, na zile ndogo za kuchora ramani ya kuta sakafuni. Kwa daraja la kilomita nzima zina maana. Kwa nyumba ya ghorofa moja, kuna vijana wanne wanaofunga nondo vizuri na wana familia zinazowategemea. Mimi siwezi kuuita endelevu ujenzi unaowaondoa hao ili kuokoa siku mbili. Bunduki ya mkononi ya kufungia waya, inayotumia betri, inawaokoa migongo na wanabaki kazini, nunua hiyo.

Mpango wa wiki ya kwanza

Jumatatu, soma mifuko yote iliyopo stoo na andika herufi zake. Jumanne, pima uzito wa mita moja ya kila kipenyo cha nondo. Jumatano, ingiza BBS kwenye jedwali na uendeshe hesabu ya kukata. Alhamisi, kaa na fundi mkuu na mkataji, mpitie orodha pamoja, na usikilize wanapokuambia mpangilio fulani hautakunjika vizuri. Rekebisha, uendeshe tena. Ijumaa, kaanga mchanga, pima maji, mwaga zege la kwanza lenye mstari wake kwenye jedwali. Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu akija na mzani wake, pima lundo kabla hajalichukua, uandike kilo na tarehe ukutani mwa stoo kwa chaki, mahali ambapo kila mtu atapaona Jumamosi inayofuata.